Kitu Kisicho na Jina: Neno Juu ya Kutunza Makumbusho kwa Mikono Michache

Watu wakisifu nyumba ya makumbusho, aghalabu husifu wingi wa vitu vyake. Husema, "Pale pana vitu elfu kumi," au, "Kule kuna vitu milioni," kama mtu asifuye zizi kwa hesabu ya ng'ombe. Walakini mfugaji mwenye akili haridhiki na hesabu. Ataka kujua kila ng'ombe ni wa nani, amezaliwa na yupi, na jioni amerudi au hakurudi. Katika maandiko haya twataka kuyapima maongozi yatumiwayo siku hizi katika nchi nyingi kwa kutunza makumbusho yenye vitu vingi na watumishi wachache. Twataka kuona yana nini la kusifiwa, na yamepungukiwa na nini. Kipimo chetu hatutakitafuta mbali. Njia itokayo Iringa kuja kwetu Idodi yapita karibu na Kalenga, kisha karibu na Mlambalasi, na mahali hapo pawili pana habari ambayo kila mtunza makumbusho duniani ingemfaa kuijua.

Maongozi hayo huitwa RE-ORG. Yametungwa na shirika la ICCROM lenye makao yake Roma, ambalo kazi yake ni kuwafundisha watu wa mataifa namna ya kuhifadhi vitu vya kale, nalo lilisaidiwa na UNESCO. Yafaa kwanza msomaji ajue ya kuwa vitu avionavyo mgeni ndani ya vioo si vyote. Katika makumbusho mengi vilivyo vingi vimo ghalani, nyuma ya mlango uliofungwa. Mwaka 2011 palifanyika uchunguzi wa ghala hizo katika nchi 136, ikaonekana kwamba karibu asilimia 60 ya vitu vilivyowekwa humo vilikuwa hatarini. Sababu hazikuwa vita wala wezi peke yao. Ghala zilijaa kupita kiasi, vitu vikalundikwa, watumishi wakawa wachache, na fedha haikuwapo. RE-ORG ilitungwa kwa ajili ya makumbusho madogo, yale yenye vitu visivyozidi elfu kumi, ambayo hayana tumaini la kujengewa nyumba mpya wala kuongezewa watu.

Kanuni zake ni kumi, nazo zaeleweka na kila mtu. Mtumishi mmoja aliyefundishwa awe na madaraka ya ghala. Ndani ya ghala visikae ila vitu vya makumbusho. Ofisi, mahali pa kazi, na mahali pa vyombo vya kazi vitengwe na ghala. Kisiwepo kitu chochote kilichowekwa chini sakafuni. Kila kitu kiwe na mahali pake, na kiweze kupatikana kwa dakika tatu. Kila kitu kiweze kufikiwa pasipo kuondoa zaidi ya vitu viwili vingine. Vitu vipangwe kwa jinsi zake. Taratibu ziandikwe na kufuatwa. Nyumba yenyewe na vyumba vyake viwe kinga ya kweli. Na mwisho, kusiwe na kitu kinachoendelea kuharibika, bali vyote viwe tayari kwa kazi ya makumbusho.

Twayasifu maongozi haya kwa mambo matatu.

La kwanza, yamepatanisha kazi na uwezo wa maskini. Kitu kuondolewa sakafuni hakuhitaji fedha ya serikali. Matofali machache na mbao mbili zatosha. Na katika nchi yetu kanuni hiyo ina maana kubwa kuliko Ulaya, kwa sababu mchwa hupanda kutoka chini, na maji ya mvua ya masika huingia kwa mlango wa chini. Kinu cha mti kikiwekwa sakafuni msimu mmoja, nje kitaonekana kizima, na ndani kimekwisha kuliwa.

La pili, kipimo chake hakidanganyiki. Mkaguzi akisoma taarifa nzuri aweza kupumbazwa na maneno, kwa maana kila mtu ajua kuandika kwamba "hali ya ghala ni ya kuridhisha." Lakini mtu yeyote, hata mtoto wa shule, aweza kuchagua namba kumi katika daftari, akatazama saa yake, akamwambia mtunzaji, "Niletee hiki." Dakika tatu zikipita na kitu hakijaonekana, ukweli umejulikana. Sisi walimu twaipenda mitihani ya namna hii, kwa kuwa haimwonei mtu wala haimpendelei.

La tatu, yametambua ya kuwa adui mkubwa wa vitu vya kale mara nyingi ni mkono wa mtunzaji mwenyewe. Mtungi ulio chini ya mingine mitano hauvunjwi na mwizi. Huvunjwa siku ile mtu mwema anapoutafuta ili kumwonyesha mgeni. Basi yule aliyeweka kanuni ya vitu viwili amefikiri sana. Vivyo hivyo kanuni ya kutoa nje viti vilivyovunjika, makaratasi ya ofisi, na maboksi matupu. Katika ghala nyingi taka hizo zikiisha kutolewa, nafasi iliyosemwa kuwa haipo huonekana.

Hata hapa twaona kazi njema, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini msomaji akizitazama tena kanuni zile kumi ataona zauliza sana, "Kitu kiko wapi?" Haziulizi kwa nguvu ile ile, "Kitu ni nini, ni cha nani, na kimefikaje hapa?" Ni kweli, waliozitunga wanajua ya kuwa ghala bila daftari ni bure, nao wataka daftari liwepo tangu mwanzo. Walakini hakuna kanuni hata moja katika hizo kumi ipimayo yale yaliyoandikwa ndani ya daftari. Ghala yaweza kupata alama kumi juu ya kumi, kila kitu kikapatikana kwa dakika tatu, na kila kitu kikawa bubu. Hapo ndipo twasema maongozi yamepungukiwa, na ili tusiseme neno tupu, turudi Kalenga.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi wa Agosti mwaka 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwezi wa Oktoba mwaka 1894, naye akaendelea kupigana porini karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Wajerumani wakamkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, mkataba wa amani uliotiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919 uliwaagiza Wajerumani, katika kifungu chake cha 246, walikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza kwa muda wa miezi sita. Jambo la namna hii ni la ajabu. Katika mkataba uliogawanya nchi na kutoza madeni makubwa, fuvu la mtu mmoja wa Iringa limetajwa kwa jina.

Miezi sita ikageuka kuwa karibu miaka 35. Wajerumani walisema hawajui liliko. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya Bremen. Alikuta nini? Alikuta mafuvu yapata 2,000, na katika hayo 84 yalikuwa yametoka katika Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Wajerumani. Msomaji na atambue neno hili: mafuvu yalikuwapo, nyumba ilikuwapo, rafu zilikuwapo, na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni jina. Ikabidi mafuvu yapimwe, vipimo vilinganishwe na vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, na katika yaliyokaribiana likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Ndilo lililorudishwa mwaka 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, nalo limewekwa Kalenga katika nyumba ya kumbukumbu yake.

Wapo wataalamu walioshuku baadaye kama lililochaguliwa ndilo lenyewe. Sisi hatuandiki hayo ili kuwatia watu mashaka, wala heshima iliyowekwa juu ya fuvu lile haipungui kwa maneno ya wataalamu. Twaandika ili mtu aone mzizi wa mashaka hayo. Hayakuzaliwa Kalenga. Yalizaliwa siku ile mtu mmoja alipoliweka fuvu katika rafu huko Ujerumani pasipo kuandika, "Hili ni la fulani, limeletwa na fulani, siku fulani." Kazi ya dakika tano iliyoachwa imeleta shida ya miaka mingi, tena haikuweza kulipwa kwa fedha wala kwa mkataba wa wafalme.

Tuweke mfano wa pili kando ya huo. Huko Berlin palikuwa na mkusanyo mwingine wa mafuvu, yaliyochukuliwa katika makoloni wakati ule ule. Tangu mwaka 2017 wataalamu walichunguza mafuvu 1,135 yaliyodhaniwa kuwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 wakatangaza ya kuwa 904 yametoka nchi iliyo Rwanda ya leo, 202 nchi iliyo Tanzania, na 22 nchi iliyo Kenya. Mwaka huo huo wakatangaza pia kwamba, kwa kuchunguza vinasaba, wamepata jamaa walio hai wa baadhi ya watu hao katika nchi ya Wachaga. Juu ya fuvu moja palikuwa pameandikwa neno moja tu, "Akida." Kwa neno hilo watafiti wakajua pa kuanzia. Wakafika kwa ukoo wa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, na vinasaba vikathibitisha. Neno moja lenye herufi tano lilimwonyesha marehemu njia ya kurudi kwa watu wake, baada ya miaka zaidi ya 120. Yale mengine yasiyo na neno, wengi wao hatutawajua kamwe.

Basi kama tungeruhusiwa kuongeza kanuni ya kumi na moja katika maongozi ya RE-ORG, tena tuiweke mbele ya zile kumi, ingesema hivi: Kitu kisicho na jina na habari kimepotea, ijapokuwa kimo ndani ya nyumba.

Mtu aweza kudhani ya kuwa neno hili lahusu mafuvu peke yake. Sivyo. Karibu na Iringa tuna Isimila, mahali palipotambuliwa mwaka 1951, pakachimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958. Pale mvua imekata korongo, na katika korongo hilo mna mawe mengi yaliyochongwa na watu wa kale sana kuwa shoka na visu. Mtu akiokota jiwe moja la Isimila akalitia mfukoni, amechukua jiwe. Akiliandika kwanza lilipokuwa, katika tabaka gani ya udongo, na lilikuwa pamoja na nini, amechukua ushuhuda. Jiwe ni lile lile, lakini thamani mbali kabisa. Kadhalika fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lina namba yake, OH 5, na kila mwanafunzi wa elimu hiyo duniani akiisikia namba ajua ni lipi, limetoka wapi, na limepatikana lini. Lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, wala hapakuwa na haja ya kupima mafuvu mengine kulitafuta.

Wala tusidhani kwamba upungufu huu ni wa nchi maskini. Kutoka kilima cha Tendaguru, upande wa Lindi, Wajerumani walichukua kati ya mwaka 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa ya wanyama wakubwa wa zama za kale, iliyochimbwa na mamia ya wenyeji na kubebwa mabegani hadi pwani. Mifupa ya mnyama mmoja ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mataifa yote huenda kuitazama. Lakini yapo maboksi ya Tendaguru yaliyokaa miaka mingi sana pasipo kufunguliwa. Nyumba ile ina vitu milioni 30. Nani atavifungua vyote? Na London, mwezi wa Agosti mwaka 2023, makumbusho makubwa ya British Museum yalitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Vingi vyao vilikuwa vitu vidogo ambavyo havikuwa vimeandikwa sawasawa. Mwizi alijua la kuchagua, maana kitu kisichoandikwa hakina wa kukililia. Baada ya aibu hiyo makumbusho yaliahidi kuandika mkusanyo wake wote kwa muda wa miaka mitano. Kumbe tajiri naye hurudi kwenye kazi ile aliyoiruka, na kuifanya kwa gharama kubwa zaidi.

Tunalo onyo jingine, nalo ni la moto. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazili, mjini Rio de Janeiro, yaliungua usiku. Yalikuwa yametimiza miaka 200, nayo yalikuwa na vitu vipatavyo milioni 20. Kwa miaka mingi yalikuwa yamepewa fedha haba. Wazima moto walipofika, mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Vilivyoungua ni pamoja na sauti zilizorekodiwa za lugha ambazo wasemaji wake wamekwisha kufa. Baadaye wanafunzi wakawaomba watu wote waliopata kuitembelea nyumba ile wawaletee picha walizopiga, ili pawe na kumbukumbu walau ya sura ya vitu. Hapo twajifunza kwamba daftari lisilale nyumba moja na vitu. Daftari moja ni nusu ya daftari.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana maneno ya kukosoa bila njia hayamjengi mtu. Tuseme nyumba ina watumishi wawili na vitu elfu kumi, na fedha ya kutosha mishahara yao tu. Waanze wapi?

Kwanza, wafunge mlango wa kupokea. Neno hili ni gumu, kwa sababu mtu akileta mkuki wa babu yake kwa moyo mwema, kumkataza huonekana kama kumtukana. Lakini kupokea kitu ni kuahidi, na mwenye kuahidi asichoweza hudanganya. Mpaka vya zamani viwe vimeandikwa, vipya vikae kwa wenyewe, isipokuwa kile ambacho kisipopokelewa leo kitaangamia kesho.

Pili, waandike. Mambo ya kuandika si mengi: namba ya kitu, jina lake kwa lugha ya waliokitengeneza, na kwa Kiswahili, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake, kimetoka kwa nani, wapi, na lini, kilitumikaje, na kimewekwa wapi. Namba hiyo ifungwe kwa uzi wa pamba juu ya kitu chenyewe, au iandikwe juu ya vanishi iwezayo kuondolewa, isikwaruzwe wala isigongomewe msumari. Picha yaweza kupigwa kwa simu, namba na rula vikiwekwa kando. Daftari la karatasi liandikwe kwa kalamu ya risasi, ambayo haitawanyiki ikipata maji, na nakala yake itiwe katika kompyuta na kuwekwa mji mwingine.

Tufanye hesabu. Watumishi hao wawili wakiandika vitu 20 tu kwa siku, na siku za kazi zikiwa 250 kwa mwaka, wataandika vitu 5,000. Kwa miaka miwili elfu kumi vyote vimekwisha. Haba na haba hujaza kibaba. Wale wasemao, "Tungoje fedha," wangefanya hesabu hii kwanza, kisha watuambie wamengoja miaka mingapi.

Tatu, ndipo zije kanuni za RE-ORG: sakafu, dakika tatu, vitu viwili, na kutoa taka nje. Tena kazi hii yaweza kwenda pamoja na ile ya kuandika, kwa sababu kitu kikiisha kushikwa ili kiandikwe, kirudishwe mahali pake papya, kisishikwe mara mbili. Nyumba mpya na vioo vizuri vije mwisho.

Twajua kuna watakaotupinga. Wengine watasema, "Jina halikizuii kitu kuliwa na mchwa. Ninyi mwaandika, na ngoma inaoza." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Kitu kinachooza kiondolewe katika hatari siku hiyo hiyo. Lakini tupime hasara mbili hizi. Ngoma iliyooza lakini imeandikwa, imepigwa picha, na mlio wake na kazi yake vimeelezwa, fundi aweza kuichonga tena. Ngoma nzima ambayo hakuna ajuaye ilipigwa katika msiba au katika arusi, nani atairudishia sauti yake? Mchwa hula mti polepole. Habari za kitu hufa kwa siku moja, siku mzee ajuaye anapozikwa.

Wengine watasema, "Kwanza turudishiwe vyetu vilivyo Ulaya." Nasi twataka virudi. Lakini adai mali huulizwa alama. Aliyeibiwa ng'ombe akifika barazani na kusema, "Ng'ombe wangu wamo katika zizi lile," ataulizwa rangi na pembe. Habari ya Akida yatuonyesha ya kuwa aliye na jina hurudi kwa watu wake. Hatutaweza kudai kwa nguvu kile tusichoweza kukitaja, wala hatutaaminiwa kukitunza kama vile tulivyo navyo hatujaviandika.

Mkoa wetu haukukaa bure. Kalenga ina nyumba yake. Isimila ina walinzi na wageni. Na mjini Iringa, boma lililojengwa na Wajerumani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya serikali, lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa, kwa juhudi ya Chuo Kikuu cha Iringa. Nyumba hizo hazitapata watumishi mia. Basi yatupasa sisi tulio nje kuzisaidia kwa kile ambacho hazina, nacho ni maarifa ya majina.

Chukua kikapu cha milulu, wanachokisuka mama zetu wa Iringa, na ambacho siku hizi huuzwa hata ng'ambo. Katika ghala ya mbali kitaandikwa, "Kikapu, Tanzania." Mama aliyekisuka angeweza kusema milulu ilikatwa wapi na mwezi gani, kikapu cha ukubwa ule ni cha unga au cha pombe, nani alimfundisha, na jina lake kwa Kihehe ni lipi. Hayo yote ni sehemu ya kikapu, nayo hayawekwi katika rafu wala hayahitaji rafu. Yahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika.

Watu hao tunao. Hapa Idodi, ambapo Wahehe, Wabena, Wagogo, Wasangu na Wamasai huonana sokoni, watoto wa darasa moja wana babu wa makabila manne. Mwalimu awape daftari moja, na kila mtoto aandike kitu kimoja cha nyumbani kwao kwa mambo saba tuliyoyataja, akisimuliwa na mzee mwenyewe. Kitu kibaki nyumbani, maana kina mwenyewe, na daftari liende makumbusho. Tena uangalifu uwepo: daftari la namna hii lisitangazwe ovyo, lisije likawa ramani ya wezi. Likabidhiwe mtunza makumbusho na serikali ya kijiji, na mwenye kitu aulizwe kama akubali.

RE-ORG ni maongozi mema, na nyumba itakayoyafuata itakuwa safi na yenye utaratibu. Twawaomba watunzaji wayasome na kuyatumia. Lakini wasianze na rafu. Waanze na wazee, kwa kuwa rafu yaweza kununuliwa mwaka ujao.